Foleni Ilivyonipandisha Presha

Naandika haya nikiwa mzima, na nawaandikia hasa wenzangu wanaotoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Ninaishi Chanika, zaidi ya kilomita 30 kutoka kwenye meza yangu ya kazi. Kwa miaka kadhaa safari hiyo ilinimaliza. Ilinipandisha presha, ikaninyima usingizi, na nyumba yangu ikawa mahali pa kwenda kuoga na kubadilisha nguo tu. Leo presha imetulia, usingizi umerudi, na bado ninaishi Chanika ileile na kufanya kazi mjini palepale. Kilichonivusha ndicho ninachotaka kukishuhudia.

Tulihamia Chanika mwaka 2013. Kabla ya hapo tulipanga vyumba viwili Ilala, na aliyewahi kupanga Dar anaijua kazi yake: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na hujakaa vizuri tarehe imeshazunguka. Tukajibana, tukapata kiwanja, tukapandisha chumba na sebule, tukahamia madirisha yakiwa yamezibwa kwa mabati. Baba watoto ni fundi wa kuchomelea, akafungua banda lake palepale barabarani Chanika, kwa hiyo yeye alitembea dakika chache akawa kazini. Kiwanja kile sijakijutia hata siku moja. Ila kodi tuliyoacha kumlipa mwenye nyumba nikaanza kuilipa mimi barabarani, na haikuwa ya fedha.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba wachumi wawili wa Uswisi, Bruno Frey na Alois Stutzer, walilifanyia hesabu jambo hili kwa kutumia takwimu za kaya za Ujerumani. Ukifuata vitabu vya uchumi, mtu akikubali safari ndefu ya kwenda kazini ni kwa sababu anafidiwa: nyumba nafuu zaidi, au mshahara mzuri zaidi. Wao wakakuta fidia hiyo haitoshi. Kadiri safari inavyorefuka, ndivyo watu wanavyosema hawaridhiki na maisha yao. Na hao ni watu ambao hawajawahi kupandia gari dirishani.

Sisi wa huku tuko wengi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hiyo milioni iliyoongezeka haikupata pa kukaa Upanga wala Kariakoo. Imejenga Chanika, Mbagala, Kibamba, Bunju, huko viwanja vinakopatikana. Lakini ofisi, benki, bandari na soko kubwa vimebaki palepale, kwa hiyo asubuhi jiji zima linamiminika upande mmoja na jioni linageuka.

Nilikuwa ninaamka saa 9:30 usiku. Naoga, nabandika uji, naumimina kwenye chupa ya chai, namwamsha binti yangu mkubwa afunge mlango nyuma yangu. Gari la kwanza lilinifikisha Gongo la Mboto, hapo nagombania la Posta. Kugombania ni kugombania kweli: gari halijasimama, vijana wameshaning'inia mlangoni, begi la mtu linapenyezwa dirishani kuwahi siti, na mama mwenye kitenge anaamua ama aache heshima yake pembeni ama abaki kituoni. Nikishaingia, konda anaimba wimbo wake: "Anti, rudi nyuma, huko nyuma kweupe! Simameni mgongo kwa mgongo!" Huko nyuma hakukuwa na weupe wowote. Kulikuwa na kwapa la mtu usoni na kiwiko cha mwingine mbavuni, na mara nyingine mkono usiojulikana ni wa nani, unaouondoa kimyakimya kwa sababu ukipiga kelele gari zima litacheka.

Kisha Barabara ya Nyerere: Mombasa, Banana, Uwanja wa Ndege, Vingunguti, mpaka TAZARA. Pale Nyerere inakutana na Mandela, njia ya malori yanayotoka bandarini. Siku hizo daraja la juu halijajengwa. Taa za barabarani zilikuwapo, lakini mwenye kauli alikuwa trafiki. Akiamua kuita upande wa Mandela, sisi wa Nyerere tunazima injini na kusubiri. Siku nyingine tulisubiri dakika chache, siku nyingine mtu anasinzia, anaamka, anasinzia tena, gari liko palepale mbele ya muuza karanga yuleyule. Daraja la Mfugale lilipofunguliwa Septemba 2018 tulishangilia, na kweli TAZARA pakapitika, ingawa sehemu ya foleni ilikwenda tu kujipanga kwenye mataa ya mbele.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa kutokujua. Niliamka saa ileile, nikapanda kituo kilekile, lakini siku moja nilifika saa 12 na robo asubuhi nikakaa ngazini na mlinzi kusubiri ofisi ifunguliwe, na kesho yake nikafika saa 2 kasoro, jasho linanitoka. Hakuna nilichofanya tofauti.

Ofisini kwetu kulikuwa na kitabu cha mahudhurio. Ikigonga saa 1:30, ofisa anachukua rula na peni nyekundu, anapiga mstari chini ya jina la mwisho. Anayekuja baada ya hapo anasaini chini ya mstari na kuandika sababu ya kuchelewa. Foleni haikukubalika kuwa sababu. Tuliambiwa foleni ipo kwa kila mtu. Kwa hiyo ukikifungua kile kitabu ungedhani idara yetu ina mkosi: hapa msiba, hapa mtoto anaumwa, hapa bomba limepasuka. Majina yaliyorudi chini ya mstari mwezi hata mwezi yalikuwa ya watu wa Chanika, Mbagala na Kibamba. Wa Upanga na Kinondoni walisaini juu. Mimi niliandikiwa barua ya onyo, ikawekwa kwenye faili langu, na kwa kuwa nafanya kazi masjala niliifungulia namba na kuihifadhi kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwili ukaanza kusema. Nikiona taa nyekundu za breki za magari ya mbele, moyo unaanza kunienda mbio hata kama muda bado upo. Niliacha kunywa maji kuanzia jioni, maana ukibanwa na haja ndogo katikati ya Vingunguti na TAZARA huna pa kwenda; wanaume huruka chini na kujisitiri ukutani, mwanamke utakwenda wapi? Nikawa napata maambukizi ya njia ya mkojo, yanapona, yanarudi. Tumbo likawa linaniwaka kwa kukaa na njaa hadi saa 4. Usiku ninalala huku nimeuma meno, ninaamka kabla ya kengele ya simu, ninaitazama saa, sithubutu kusinzia tena.

Jioni ilikuwa asubuhi hiyohiyo ikiwa imechoka. Nafika nyumbani saa 3 usiku, wakati mwingine saa 4. Mtoto wetu mdogo alikuwa darasa la kwanza, na mwalimu wao alitaka daftari la kazi za nyumbani lisainiwe na mzazi. Kila usiku nilikuta daftari mezani limefunguliwa kwenye ukurasa wa kusaini, penseli imelazwa katikati. Nilimsainia mtoto aliyekwishalala, alfajiri nikaondoka hajaamka. Nikawa mtu wa kusaini vitabu viwili kwa siku, cha mwanangu na cha ofisi. Baba watoto akinisemesha mlangoni nilikuwa namjibu kwa mkato, si kwa ubaya, ila sauti ya mtu yeyote ilinigonga kichwani. Akajifunza kuniacha nivue viatu kwanza, nikae, ndipo aniletee habari za siku.

Kituo cha afya nilikwenda kwa ajili ya mkojo. Muuguzi akanifunga mkanda wa presha, akatazama, akaniambia nipumzike kwenye benchi. Akapima tena: 160/100. Nikaingizwa kwa daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho.

"Mama, unalala saa ngapi?"

"Saa 5, dokta."

"Unaamka?"

"Saa 9 na nusu."

Akaacha kuandika. "Na kazini unafika saa ngapi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

Nilikaa kimya. Miaka yote ile niliishi na neno hilo mdomoni na sikuwahi kuulizwa linalofuata. Inategemea trafiki. Inategemea kama konda anasubiri lijae. Inategemea lori limeharibikia wapi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa mikononi mwangu. Daktari akaniandikia dawa, akanieleza habari ya chumvi na ya kurudi kupima, kisha akasema, "Kidonge utakimeza, mama. Na hiyo barabara je, utaifanyaje?"

Swali hilo nililibeba hadi nyumbani, na majibu yalinijia moja moja, kutoka kwa watu ambao sikuwatarajia.

La kwanza lilitoka kwa jirani yangu, suka wa gari za Gongo la Mboto, ambaye ninamwita shemeji. Nilimlalamikia kwa nini wenzake wanakatisha ruti, wanajaza watu kama magunia, wanakimbizana hadi roho inataka kututoka. Akanieleza habari za hesabu. Mwenye gari anataka kiasi chake kila jioni, kimepangwa, mvua inyeshe au jua liwake. Mafuta ni juu yao. Trafiki akiwaandikia faini, ni juu yao. Kinachobaki baada ya hesabu ndicho suka na konda wanachogawana, na siku ya foleni kubwa kinaweza kisibaki kitu. "Shem, wewe ukichelewa unapigwa mstari. Mimi tripu moja ikifia TAZARA, watoto wanakunywa chai kavu." Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anayenipigia kelele nirudi nyuma naye ana saa yake inayomkimbiza. Hasira haikuisha yote, lakini ilipungua, na hasira ikipungua asubuhi, hata bega linashuka.

La pili lilitoka ofisini, kwa mama mmoja mhudumu, mtu mzima kunizidi. Alikaa Pugu, lakini jina lake sikuwahi kuliona chini ya mstari. Nikamuuliza, "Mama, mwenzetu unapaa?"

"Mwanangu, mimi napanda treni."

Treni za abiria wa jijini zilianza Oktoba 2012, Dkt. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, ndiyo maana hadi leo watu wanaziita treni za Mwakyembe. Ile ya Ubungo haikunihusu. Ya Stesheni hadi Pugu ilikuja baadaye, nami nilikuwa nimeipuuza kwa sababu niliambiwa imejaa na inakwenda taratibu. Imejaa kweli, na haina haraka. Nikaanza kushuka Pugu kwenye gari la Chanika, namalizia kwa miguu hadi stesheni, napanda behewa. Mara nyingi nilisimama. Jumla ya muda, ukihesabu na kutembea, haikutofautiana sana na siku nzuri ya daladala.

Lakini reli haina trafiki wa kuita upande wa pili, wala konda wa kusubiri lijae. Inapita Karakata, Vingunguti, Buguruni, na reli inapokata barabara, magari ndiyo yanayosubiri. Mara ya kwanza nilipoyaona yamepanga mstari nyuma ya kizuizi, madereva wametoa viwiko madirishani wakitutazama tukipita, nilicheka peke yangu hadi dada aliyebanana nami akaniuliza kulikoni. Nikamwambia. Akacheka naye. Ndani ya juma nilikuwa najua saa ya kufika Stesheni bila kubahatisha, na nilipoijua ile saa, moyo uliacha kunidunda. Usingizi ulirudi kabla presha haijashuka.

Nilidhani ni mimi tu, mpaka nilipokutana na kazi ya wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Wener na Gary Evans. Waliwafuatilia abiria wa treni wanaotoka New Jersey kwenda kazini New York, na wakapima katika mate yao kotisoli, homoni ambayo mwili huimwaga ukiwa na msongo. Safari ikirefuka, homoni hiyo iliongezeka. Na katika utafiti wao mwingine, abiria walioiona safari yao haitabiriki ndio waliokuwa na msongo mkubwa zaidi. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka yule daktari kijana. "Inategemea" yangu ilikuwa na kipimo chake maabara.

La tatu nililiendea mwenyewe. Nilichukua cheti cha kliniki, nikaingia kwa mkuu wangu wa kitengo, nikafunga mlango. Sikulia, sikumlaumu mtu. Nilimwomba nusu saa: niruhusiwe kusaini hadi saa 2, na hiyo nusu saa niifidie jioni. Yeye anakaa Kigamboni, na mtu aliyewahi kusimama Magogoni akitazama pantoni inaondoka bila yeye haelezwi kuchelewa ni nini. Akakubali, kwa maandishi. Ajabu ni kwamba tangu nipewe nusu saa ile sikuihitaji sana. Ilitosha kujua ipo. Baada ya muda wenzangu wawili wa mbali nao wakaomba, nao wakapewa, na sijaona kazi iliyolala masjala kwa sababu yetu.

Jioni nilijifunza kugeuza. Treni ikinipita, sisimami tena kituoni kugombana na vijana. Natembea kwenda kulikabili gari likiwa bado linaingia mjini, nalipa nauli yake, nazunguka nalo hadi mwisho wa ruti, nalipa tena, naondoka nimekaa. Ni nauli mbili, ndiyo, na si kila mtu anaiweza kila siku. Nilikata soda na chipsi za mchana nikaipata. Ndani ya gari sisogoi na simu, nafumba macho. Na nilianza tena kunywa maji, kwa sababu Stesheni kuna choo, na kitu kidogo kama hicho kilifuta maradhi niliyoyatibu kwa miaka.

Nyumbani tuligawana upya. Baba watoto, ambaye kazi yake iko mlangoni, akachukua uji na kuwaandaa watoto wa shule. Dada yangu mmoja alinong'ona kwamba nimemgeuza mume kuwa mpishi. Mume mwenyewe alimjibu kwamba mke mwenye kiharusi ni mzigo mzito kuliko sufuria ya uji. Nikaanza kuamka saa 10 na nusu. Sikuwahi kununua kitu cha thamani kama saa hiyo moja ya usingizi.

Sitaki mtu adhani nimefika mbinguni. Mvua za masika zikija, jiji linatota, na siku hizo hata treni haina ahadi. Kazi ya kujenga njia ya mwendokasi hadi Gongo la Mboto ilipoanza, Nyerere ikarudi kuwa vumbi na michepuko, nikaonja tena ile hali ya zamani ya moyo kunienda mbio. Tofauti ni kwamba sasa naitambua inapoanza. Dawa za presha bado ninameza, nusu ya kipimo cha mwanzo kwa maelekezo ya daktari, na mara ya mwisho nilipopima nilikuwa 128/82.

Kwa mwenzangu uliye kwenye hali niliyokuwa nayo, nenda kapime presha wiki hii, usisubiri kichwa kiume, kwa maana presha nyingi hazipigi hodi. Mweleze daktari habari za safari yako, si maumivu peke yake. Kisha tafuta sehemu moja ya siku yako ambayo unaweza kuijua kwa hakika, hata kama ni ndogo: gari linaloondoka kwa saa, siti uliyoilipia mara mbili, nusu saa iliyoandikwa kwenye karatasi. Usianze kwa kutafuta njia ya haraka, utajichosha bure. Tafuta inayokufikisha saa unayoijua.

Na kwa wakuu wa ofisi, nawaomba kwa heshima. Kabla peni nyekundu haijapita, fungueni kurasa za mwezi mzima mtazame majina yanayorudi chini ya mstari, halafu muulize wenye majina hayo wanaishi wapi na wanaamka saa ngapi. Nusu saa haina gharama kwenye bajeti yenu. Kwangu mimi imeokoa fedha za dawa, imenirudishia kazi yangu, na daftari la mwanangu sasa nalisaini yeye akiwa amekaa pembeni yangu, ananikosoa mwandiko.